Udhibiti wa ombwe na mtiririko

Udhibiti wa ombwe na mtiririko ni kazi ya kuweka shinikizo lililo chini ya lile la hewa ya kawaida, pamoja na kiasi cha maji, mvuke au gesi kinachopita ndani ya mitambo, katika viwango vinavyotakiwa. Kazi hii hufanyika katika viwanda vya sukari, maziwa, dawa na mafuta, katika mitambo ya biogesi na katika mabomba marefu ya maji.

Mambo haya mawili hayatenganishwi kwa urahisi. Maji au gesi inapotoka kwenye chombo kilichofungwa haraka kuliko inavyoingia, shinikizo ndani yake kwa kawaida hushuka. Kwa hiyo anayefungua au kufunga vali anabadilisha shinikizo, hata kama hakukusudia, na anayebadilisha shinikizo anabadilisha mtiririko.

Katika bonde la mto Pangani kaskazini mashariki mwa Tanzania, udhibiti huu unahitajika katika shughuli za aina mbalimbali: kupika sukari huko Arusha Chini karibu na Moshi, kuzalisha gesi kutokana na mabaki ya mkonge huko Hale, kunyonya maji ya visima na mito katika maeneo ya Korogwe kama kata ya Kwamndolwa, na kusukuma maji ya mto huo hadi Handeni.

Ombwe ni nini

Ombwe kamili ni nafasi isiyo na kitu chochote ndani yake. Katika ufundi, neno ombwe hutumika kwa nafasi yoyote ambayo shinikizo lake ni dogo kuliko lile la hewa inayoizunguka.

Hewa ya dunia ina uzito. Kwenye usawa wa bahari shinikizo lake la wastani ni kilopaskali 101.3 (kPa), sawa na uzito wa tani 10 hivi juu ya kila mita moja ya mraba. Watu hawausikii uzito huo kwa sababu unasukuma kutoka pande zote, ndani na nje.

Mwaka 1643 Mwitalia Evangelista Torricelli alieleza kwamba uzito wa hewa ndio unaoshikilia nguzo ya zebaki ya urefu wa milimita 760 ndani ya bomba la kioo. Baadaye Mjerumani Otto von Guericke alitoa hewa ndani ya nusutufe mbili za metali zilizogusanishwa, na farasi waliozivuta walishindwa kuziachanisha. Hapakuwa na gundi wala ndoana. Hewa ya nje ndiyo iliyozibana.

Jambo hili ni la msingi kwa mada yote: ombwe halivuti. Kinachoonekana kama kuvuta ni hewa ya nje inayosukuma kuelekea mahali penye shinikizo dogo.

Kupima ombwe

Kuna namna mbili za kutaja shinikizo, na kuzichanganya ni chanzo cha makosa mengi viwandani.

Shinikizo halisi huhesabiwa kuanzia ombwe kamili, ambalo ni sifuri. Shinikizo la geji huhesabiwa kuanzia shinikizo la hewa ya mahali pale. Geji ya kawaida iliyowekwa hewani husoma sifuri, na ikiunganishwa na ombwe husoma namba hasi.

Shinikizo la hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda juu. Katika jiji la Tanga, lililo pwani, ni takriban 101 kPa. Korogwe, kwenye mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari, ni takriban 98 kPa. Kwenye tambarare za Arusha Chini, mita 700 hivi, ni takriban 93 kPa. Geji ikionyesha 80 kPa chini ya hewa, shinikizo halisi litakuwa 21 kPa Tanga, 18 kPa Korogwe na 13 kPa Arusha Chini. Maji yatachemka kwenye nyuzi 61 Tanga, 58 Korogwe na 51 Arusha Chini. Usomaji ni mmoja, lakini hali ya ndani ya mitambo hiyo mitatu ni tofauti. Kwa sababu hiyo vyombo vya kudhibiti mapishi kwenye ombwe hutumia vipimo vya shinikizo halisi, au husahihishwa kulingana na mwinuko wa mahali.

Uhusiano kati ya shinikizo halisi na nyuzi za sentigredi ambazo maji huchemka ni kama ifuatavyo:

- 101.3 kPa: nyuzi 100
- 70 kPa: nyuzi 90
- 47 kPa: nyuzi 80
- 31 kPa: nyuzi 70
- 20 kPa: nyuzi 60
- 12 kPa: nyuzi 50
- 7 kPa: nyuzi 40

Vifaa vya kutengeneza ombwe

Vifaa vinavyotumika zaidi viwandani ni vitatu.

Pampu ya pete ya maji ina gurudumu lenye mapanga ambalo halikuwekwa katikati ya nyumba yake. Linapozunguka, maji hutupwa pembeni na kufanya pete. Nafasi kati ya pete na mapanga hupanuka upande mmoja, ambapo hewa huingia, na kupungua upande mwingine, ambapo hewa hutolewa. Maji hayo yakipata joto huanza kuvukiza na pampu hupoteza nguvu, kwa hiyo lazima yapozwe au yabadilishwe.

Ejekta haina sehemu inayozunguka. Mvuke au maji hupita kwa kasi kwenye mdomo mwembamba, na shinikizo la pembeni hushuka kiasi cha kubeba hewa kutoka kwenye chombo.

Kondensa hugeuza mvuke kuwa maji. Kilo moja ya mvuke kwenye shinikizo la kawaida hujaza lita 1,700 hivi, lakini ikipoa kuwa maji hubaki lita moja tu. Nafasi iliyoachwa huwa ombwe. Katika kondensa ya kibarometa maji ya kupozea huchanganyika na mvuke, kisha huteremka yenyewe kwa bomba refu hadi kwenye birika. Bomba hilo huzidi mita 10, kwa sababu hewa ya nje huweza kuyapandisha maji ndani yake kwa karibu urefu huo. Likiwa fupi, maji ya birika yanaweza kufika ndani ya mtambo.

Njia za kudhibiti ombwe

Kiwango cha ombwe hutokana na mizani kati ya gesi na mvuke unaoingia na ule unaotolewa. Mizani hiyo inaweza kurekebishwa kwa njia nne.

Ya kwanza ni kuingiza hewa kidogo kwa makusudi. Vali ndogo hufunguka ombwe linapozidi na kufunga linapopungua. Mashine za kukamulia ng'ombe hutumia njia hii ili kuweka ombwe la kPa 40 hadi 50 chini ya hewa. Likizidi, chuchu za ng'ombe huumia. Likipungua, vikombe hudondoka. Njia hii ni rahisi na hujibu haraka, ila pampu hutumia nguvu kutoa hewa iliyoingizwa kusudi.

Ya pili ni kubana njia kati ya chombo na pampu. Ya tatu ni kubadili mwendo wa mota ya pampu, jambo linalookoa umeme. Ya nne, inayofaa penye mvuke mwingi, ni kuongeza au kupunguza maji ya kupozea kondensa. Hapa udhibiti wa ombwe unakuwa udhibiti wa mtiririko moja kwa moja.

Kazi hii inaweza kufanywa kwa mkono na mtu anayeangalia geji, au na kidhibiti cha kielektroniki. Kidhibiti cha aina ya PID huangalia mambo matatu: kosa ni kubwa kiasi gani sasa, limekusanyika kiasi gani tangu lianze, na linaongezeka au kupungua kwa kasi gani. Kidhibiti kikiwekwa kikali mno, vali hufunguka na kufunga bila kutulia. Kikiwekwa kipole mno, hali huharibika kabla hakijajibu.

Kabla ya kulaumu pampu au kidhibiti, mafundi huchunguza mivujo. Huunda ombwe, hufunga vali ya pampu, kisha hutazama saa na geji. Shinikizo likipanda haraka, kuna mahali hewa inaingia: kwenye gasketi, kwenye kioo cha kuchungulia au kwenye shina la vali.

Kudhibiti mtiririko

Vali za mtiririko hutofautiana kwa kazi. Vali ya lango hufaa kufungua kabisa au kufunga kabisa. Ikiachwa nusu, maji humomonyoa lango lake. Vali ya globu, ambayo kizibo chake hushuka juu ya kiti, hufaa kurekebisha kiasi. Vali ya kipepeo ni nyepesi na hutumika katika mabomba mapana. Vali ya njia moja huzuia maji kurudi nyuma.

Mtiririko kupitia vali au tundu hauongezeki sambamba na shinikizo. Kwa kawaida hufuata kipeuo cha pili cha tofauti ya shinikizo. Ili kupata maji mara mbili kupitia tundu lilelile inahitajika tofauti ya shinikizo mara nne. Sheria hiyo pia hutumika kupima: sahani yenye tundu huwekwa ndani ya bomba, na tofauti ya shinikizo mbele na nyuma yake huonyesha kiasi kinachopita.

Maji yanapopita kwa kasi mahali pembamba, shinikizo lake linaweza kushuka hadi yakachemka bila kupashwa moto. Mapovu ya mvuke hutokea, kisha hupasuka ghafla shinikizo linaporudi, na mipasuko hiyo hula metali. Hali hii huitwa kavitesheni. Sauti yake ni kama changarawe zinazozunguka ndani ya pampu. Hutokea pia katika turbini za umeme wa maji, ambazo chini ya gurudumu lake huwa na shinikizo dogo kuliko la hewa. Mto Pangani una vituo vya namna hiyo, vikiwemo Hale (megawati 21, 1964) na Pangani Mpya (megawati 68, 1995).

Mifano katika bonde la Pangani

Kunyonya maji Korogwe

Mkulima wa Kwamndolwa au sehemu nyingine ya Korogwe anayeweka pampu ya petroli ukingoni mwa mto au kisima anategemea uzito wa hewa. Pampu hupunguza shinikizo ndani ya bomba la kunyonyea, na hewa iliyo juu ya maji huyasukuma yapande. Kwa shinikizo la hewa la Korogwe, hata ombwe kamili lingepandisha maji mita 10 tu. Kwa kuwa maji huanza kuvukiza mapema na bomba lina msuguano, urefu unaofaa kwa kazi hauzidi mita 7 hivi.

Maji yakishuka chini zaidi ya hapo wakati wa kiangazi, kununua injini kubwa zaidi hakusaidii. Lazima pampu yenyewe ishushwe karibu na maji, au itumike pampu inayosukuma kutoka chini. Pampu za mkono za visima virefu, kama Afridev iliyobuniwa Malawi na Kenya katika miaka ya 1980, huweka silinda yake ndani ya maji kwa sababu hii. Tundu dogo kwenye bomba la kunyonyea nalo huharibu kazi yote: maji hayavuji nje, bali hewa huingia, na pampu huzunguka bila kutoa kitu.

Bomba la maji la Handeni

Handeni ina uhaba wa maji wa muda mrefu, na katika miaka ya 1970 ulijengwa mradi unaojulikana kama HTM wa kusukuma maji ya mto Pangani kutoka Korogwe. Handeni, pamoja na Korogwe, Muheza na Pangani, imo pia katika mradi wa maji wa miji 28 unaotekelezwa kwa mkopo wa India, ambao mikataba yake ilisainiwa mwaka 2022.

Mji wa Handeni uko juu kuliko bonde la Korogwe kwa zaidi ya mita 300, kwa hiyo maji hupandishwa kwa pampu. Katika bomba lolote la namna hii hatari kubwa ni umeme kukatika. Pampu husimama, lakini maji yaliyokwisha kuondoka huendelea kupanda kwa msukumo wake. Nyuma yake shinikizo hushuka, na kwenye vilele vya njia linaweza kufika ombwe. Nguzo ya maji hukatika vipande viwili, kisha vipande hivyo hurudi na kugongana.

Mwaka 1898 Mrusi Nikolai Joukowsky alionyesha jinsi ya kukadiria pigo hilo. Katika bomba la chuma, maji yaliyokuwa yakienda mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa ghafla huongeza shinikizo kwa kPa 1,000 hivi, sawa na uzito wa nguzo ya maji ya mita 100. Wimbi la shinikizo husafiri takriban kilomita 1 kwa sekunde. Katika bomba la kilomita 20 huchukua sekunde 40 kwenda na kurudi. Vali inayofungwa kwa muda mfupi kuliko huo, kwa bomba hilo, imefungwa ghafla.

Ombwe ndani ya bomba la maji lina madhara mawili. Bomba jembamba la chuma linaweza kubonyea. La pili halionekani kwa macho: penye ufa, maji machafu ya udongo husukumwa na kuingia ndani. Ufa uliokuwa ukipoteza maji safi mchana huingiza uchafu umeme unapokatika, na klorini iliyowekwa kwenye chanzo inaweza isitoshe kuua vijidudu. Kwa hiyo udhibiti wa ombwe katika mabomba ni suala la afya ya umma pia.

Kinga zake ni vali za hewa kwenye vilele, zinazoingiza hewa safi shinikizo linaposhuka na kuitoa polepole bomba linapojaa, matangi yenye hewa iliyobanwa karibu na pampu, na vali zinazofungwa taratibu. Vali ya hewa iliyoziba kwa kutu au iliyofunikwa na maji ya shimo lake haikingi kitu. Inaweza hata kuwa mlango wa uchafu.

Biogesi ya mkonge Hale

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na Korogwe imekuwa miongoni mwa wilaya zenye mashamba makubwa. Mashine ya korona huponda majani na kuacha singa, huku maji mengi yakiosha. Singa ni sehemu ndogo tu ya jani, takriban asilimia 4. Mengine hutoka kama majimaji na makapi. Huko Hale mtambo wa biogesi ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 2000 ili kuozesha mabaki hayo bila hewa na kupata methani ya kuendeshea jenereta.

Tangi la kuozeshea hufanya kazi kwa shinikizo lililo juu kidogo ya la hewa. Injini ikivuta gesi haraka kuliko bakteria wanavyoizalisha, au tope likitolewa kwa wingi bila gesi kurudishwa, ombwe hutokea. Ombwe la kPa 1 tu juu ya paa la mita 100 za mraba ni sawa na mzigo wa tani 10. Hatari nyingine ni hewa kuingia: methani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya mchanganyiko na hewa inaweza kulipuka. Ndiyo maana matangi ya biogesi huwekewa kinga ya maji au vali ya pande mbili, inayotoa gesi shinikizo likizidi na kufunguka likishuka mno, na injini husimamishwa kabla ya kufikia hapo.

Sukari Arusha Chini

Kiwanda cha TPC kilichopo Arusha Chini kilianzishwa na Wadenmark mwaka 1930. Kama viwanda vya Kilombero, Mtibwa na Kagera, hupika sukari kwenye ombwe. Sababu ni kwamba sukari ikipikwa muda mrefu kwenye joto kali huharibika na kugeuka rangi.

Mwingereza Edward Charles Howard aligundua sufuria ya ombwe mwaka 1813. Mwaka 1843 Norbert Rillieux, mhandisi wa Louisiana mwenye asili ya Afrika, alipata hataza ya mtambo ambao mvuke unaotoka kwenye chombo kimoja hupasha moto kinachofuata, kila kimoja kikiwa na ombwe kubwa kuliko kilichotangulia. Kwa njia hiyo tani moja ya mvuke huvukiza tani kadhaa za maji.

Katika sufuria ya ombwe, shira huchemka kwenye nyuzi 60 hadi 70 na fuwele hukua polepole. Ombwe likiongezeka ghafla, shira huchemka kwa nguvu, povu hupanda na sukari huenda na maji ya kondensa. Pia fuwele ndogo zisizotakiwa huzaliwa na kuziba mashine ya kutenganishia molasi. Likipungua, joto hupanda na fuwele zilizokwisha kukua huyeyuka. Mpishi hudhibiti hali hiyo kwa maji ya kondensa, kwa kuingiza hewa kidogo, na kwa kiasi cha shira anachoongeza.

Usalama

Ajali nyingi za ombwe hutokea kwenye vyombo ambavyo havikutengenezwa kwa ajili ya ombwe. Tangi linaloweza kubeba shinikizo kubwa kutoka ndani linaweza kubonyea kwa shinikizo dogo kutoka nje, kama kopo la soda linavyobonyezwa kwa vidole. Mifano ya kawaida ni tangi lililooshwa kwa mvuke kisha kufungwa likiwa moto, na tangi linalotolewa maji kwa pampu huku tundu lake la hewa likiwa limezibwa na mfuko wa nailoni au kiota cha nyigu.

Hatua za msingi za kujikinga ni hizi:

- kuhakikisha tundu la hewa liko wazi kabla ya kutoa kitu ndani ya tangi;
- kuacha tangi lililooshwa kwa mvuke lipoe likiwa wazi;
- kufungua na kufunga vali za mabomba marefu taratibu;
- kukagua vali za usalama kwa ratiba, kwa kuwa hukaa muda mrefu bila kufanya kazi;
- kutoingia ndani ya tangi lililokuwa na gesi kabla ya kupima hewa yake.

Tazama pia

- Shinikizo
- Pampu
- Biogesi
- Mkonge
- Mto Pangani
- Korogwe
- Handeni